Linakuna Nazi

Baba Zuwena, mume wangu,

Sikuiti mpendwa. Neno hilo hukulisikia kwangu ulipokuwa hai, na sitalianza leo ulipo chini ya udongo. Nakuandikia kwa sababu nimetoa siri yako. Nimeitoa barabarani, mbele ya nyumba, mvua ikinyesha, na sitaki ukaisikie kwa mtu mwingine.

Kwanza gari. Lile la kijivu lingali hapa hapa Hayes, nchi ya Wazungu, mlangoni, na siku hizi analiendesha Zuwena. Unakumbuka tulivyokuwa tukilitibu? Masikio yako uliyaacha uwanja wa ndege, miaka yote ile ya kupakia mizigo chini ya injini zinazonguruma. Mikono ulibaki nayo, kusikia ukaniachia mie. Jumapili unanipakia kiti cha nyuma, unazima redio, tunayapanda matuta ya njia ya skuli polepole, nami nikisikia kitu nakugonga bega.

"Linasemaje?" unauliza, kwa sauti ya kuamsha mtaa mzima.

Mie sikusoma. Sijui kila chuma kinaitwaje. Nilikwambia kwa ya kwetu. "Shanga," nikisema, unajua ni lile bati jembamba lililo juu ya bomba la moshi, limelegea, linacheza kama shanga za kiunoni. Unacheka, mzee mzima huna haya.

"Za nani hizo? Zako?"

"Za mama yako!"

Unaingia chini na ule mkanda wa chuma wa kubania mpira wa maji, unalikaza, linanyamaza. Nikisema "mluzi" ni mkanda wa injini, nao uliweza kungoja Jumapili nyingine. Lakini "nazi" haikungoja. Nazi ni chuma kukereza chuma, kama nyama ya nazi inapokwisha na mbuzi ya kukunia ikaanza kula kifuu. Hapo hukunibishia hata mara moja. Nikikugonga bega nikasema nazi, unasimama papo hapo, hata basi liwe nyuma yetu linapiga honi.

Basi niambie, mkaidi wee, kwa nini gari ulilisimamisha na mwili wako ukauachia? Nilikukuta kwenye ngazi umeshika ukuta. Nikakugonga bega vilevile. "Baba Zuwena, kifua chako kinakuna nazi." Neno lile lile ulilokuwa ukilitii kama adhana. Ukanitazama kama mpita njia.

"Mie si gari," ukasema.

Kisha ukaniapisha. Nisiwaambie watoto mpaka harusi ya Nassor ipite, kitindamimba wetu asiolewe na huzuni, ndivyo ulivyosema, na mie nikakwambia mwanamume haolewi, anaoa, hata maneno yanakupotea. Hukucheka. Mke humsitiri mumewe, hivyo nilifundwa, nikakusitiri. Harusi ikapita, wewe kwenye picha unatabasamu, shati limekupwaya shingoni. Madaktari walipokutazama, hapakuwa tena na cha kukaza.

Hukuwapo matangani, kwa hivyo hili hulijui. Zuwena alinisimamia kati ya wanawake, chai mikononi mwao, akasema, "Mama, weye unayesikia msumari ukilegea, kifua cha baba hukukisikia?" Nikanyamaza. Wanawake wakatazama vikombe vyao. Kimya kile nilikimeza kwa ajili yako, na tangu siku hiyo mwanao ananisalimia kama anavyowasalimia wagonjwa wake kazini. Adabu tele, moyo hamna.

Sasa sikiliza. Juzijuzi alinichukua tukamfuate mjukuu wako Ilham skuli. Nimekaa nyuma kama kawaida, kando ya kiti cha mtoto. Tulipokaribia taa nyekundu nikasikia. Gurudumu la mbele, upande wa kushoto.

"Zuwena, linakuna nazi."

"Mama, gari kuukuu hili. Kila kitu kinalia."

Akafungulia redio. Akafungulia redio, Baba Zuwena! Nikahisi nimerudi kwenye zile ngazi.

Asubuhi yake akatafuta ufunguo wa gari, hauoni. Nimeufunga kwenye pindo la kanga.

"Mama, nina zamu! Nipe ufunguo."

"Panda basi."

"Nitachelewa. Watanifukuza."

"Bora wakufukuze nikulishe, kuliko wakulete kwangu nikuoshe."

Ilham akasimama na mkoba wake, akamwambia mama yake kwa Kizungu kwamba bibi ana wazimu. Kiswahili anakielewa chote, ila yake ni kwenye kujibu. Mtoto akaondoka na jirani. Zuwena akatoka nje na hasira, akaichukua jeki yako. "Nalifungua hili gurudumu nikuoneshe kwamba hakuna kitu!" Alilegeza nati kwanza ndipo akalinyanyua, kama ulivyomfundisha. Hilo nakusifu.

Gurudumu likatoka. Pedi ya breki imekwisha, kimebaki chuma kitupu, na ile sahani inayozunguka nayo imechimbwa mifereji ya kuingiza ukucha. Nyama imekwisha, linakula kifuu. Akapitisha kidole pale. Akakaa ukingoni mwa njia, na sare yake ya kazi, kwenye maji ya mvua.

"Mama," akasema bila kunitazama, "baba hukumsikia kweli?"

Ningeweza kunyamaza tena. Nikakitazama kile chuma.

"Nilimsikia kabla ya daktari yeyote. Nikamwambia nazi. Akasema yeye si gari. Akaniapisha nisiwaambie nyie mpaka Nassor aoe."

"Na weye ukatii."

"Mume wangu."

"Mie umenificha ufunguo. Baba ukamwachia aende."

"Baba yako hakuwa na ufunguo wa kufunga kwenye pindo!"

Nilipiga kelele, ndiyo. Majirani walitoka. Akalirudisha gurudumu, akapanda basi. Hakunisemesha mpaka Jumapili. Jumapili alinunua pedi na sahani mpya, akazifunga mwenyewe, peke yake, mie nikimtazama dirishani. Alipomaliza akaja na mikono myeusi, akafungua mlango wa nyuma wa gari.

"Ingia, Mama. Sikiliza."

Redio ameizima. Tukayapanda matuta yale yale, polepole.

"Linasemaje?"

Nikatega sikio. Hakuna shanga. Hakuna mluzi. Nazi imekwisha.

"Sikiliza vizuri. Linalia?"

Nikamwona kwenye kile kioo kidogo cha mbele, mashavu yameloa mpaka kidevuni. Nikamgonga bega.

"Gari halilii, mwanangu."

Akasimama papo hapo, katikati ya njia. Basi likawa nyuma yetu linapiga honi, likapiga, likapiga.

Ndiyo hivyo. Ukikasirika, kasirika, ningoje huko huko tuje tugombane. Mungu akupe usingizi mzuri, ingawa kwangu ulikuwa unakoroma.

Mkeo,
Mama Zuwena