Lile Gari Nilikuwa Naliendesha Mimi

Baba,

Sijamwambia mtu. Lile gari la mchezo kwenye TV, ulilokuwa unakata nalo kona ukicheka, dereva alikuwa mimi. Kidude cha kuchezea ulichoshika hakikuwa kimechomekwa popote. Kilichochomekwa kilikuwa mapajani mwangu, chini ya leso niliyojifunga.

Nisamehe. Ulipoanguka na kiharusi, yule dada wa mazoezi hospitalini alisema mkono uliopooza uguswe huku mwenyewe akiutazama, ubongo ukumbuke. Wiki mbili nikakubonyeza vidole, kimoja kimoja, nawe unatazama ukuta. "Sisikii kitu, Mwende. Wachana nao." Wewe, dereva wa lori miaka yote hiyo, hutaki hata kuuangalia mkono wako! Ndiyo nikaazima ule mchezo wa magari kwa jirani.

Hapo ukatazama: gari, halafu gumba lako. Ukaanza hata kuwatukana madereva wenzako wa kwenye TV: "Huyu leseni alipewa na shangazi yake!" Mimi kando yako, kidole changu chini ya gumba lako. Nikidhani linajaribu, nakata kona kwa mkono wangu mwingine, chini ya leso. Mama akaingia na kikapu cha sukuma wiki, akaona, akapiga kelele: "Bwana asifiwe!" Nawe ukamwambia, "Si unaona, Mama Mwende? Mkono umepona." Nikakata kona nyingine.

Sasa hupo. Mchezo tumeurudisha, lori lako amepewa mtu mwingine. Na Mama kila Jumapili anasimama kanisani kushuhudia: Mungu alikurudishia mkono kabla ya kukuchukua. Jumapili hii anataka nisimame naye, mimi ambaye hata darasani sauti hainitoki. Nikikubali, nadanganya madhabahuni. Nikikataa, itabidi nimwambie kwa nini, na ushuhuda huo ndio kitu pekee kinachomfanya ale.

Lakini kuna ile Jumamosi, Baba. Stima ilipotea, TV ikazima, tukakaa tu kidole changu kikiwa palepale. Ukakibonyeza. Mara moja, halafu tena, kwa nguvu. "Nimekusikia," ukasema, polepole, kama unaogopa kumwamsha mtoto. Hapakuwa na gari lolote hapo. Mama alikuwa sokoni. Jumanne ukaanguka tena, na... basi.

Gari lilikuwa langu. Kule kubonyeza kulikuwa kwako. Nakuahidi nitamwambia Mama yote mawili, hata kama la kwanza litamliza.

Pumzika, Baba yangu. Nasikia ndara za Mama kwenye korido. Kila nikikuandikia, akija huwa nafunika karatasi kwa kitabu cha jiografia. Anashika mlango. Naiacha wazi.

Mwende wako