Arobaini ya Aliye Hai

Mangobo, Stanleyville
20 Septemba 1964

Mpwa wangu mpendwa Zuberi,

Mimi mjomba wako Assumani nakusalimu sana. Hali yako huko Ubelgiji? Baridi imeshaanza? Na wanafunzi wako wanalisikia somo la nyota, au wanasinzia kama ulivyokuwa ukisinzia chuoni kwa maalimu? Mimi mzima, ila mgongo na cherehani havipatani.

Sanduku ulilolitanguliza, ili Desemba uje ufundishe hapa, lilifika Julai kabla waasi hawajauteka mji. Mwezi wa nane wakaja kupekua nyumba. Wakatoa vile vioo vyako vya picha za anga vilivyojaa vidoa vyeusi, vingine umevizungushia wino na namba. Nikawaeleza kwamba kila kidoa cha namba ni galaksi, mji mzima wa nyota, na kazi yako ni kuzihesabu.

Mmoja akadhani ni ramani ya vita, akasema, "Hii iko carte ya ndege za bombe. Mwenyewe iko wapi?" Namjua kijana huyo. Mwaka juzi, ulipotuonyesha kwa darubini madoa ya jua pale sokoni juu ya shuka yangu nyeupe, alirudi kutazama mara tatu.

Siku hizi kuitwa msomi kunatosha kuuawa. Nikajibu kwa heshima, "Ule alikufa kule Poto, kwa Wazungu, papa. Homa."

Njia ya mwongo ni fupi, nikajua watarudi kuhakikisha. Basi tukakuwekea matanga siku tatu, khitima ikasomwa. Walikuja kweli, wakala wali na pondu yetu, wakatupa pole.

Mama yako sikumwambia. Dada yangu Fatouma hajui kuigiza, uso wake ungetuuza sote. Analia kweli, Zuberi, na kila akilia naona haya kumtazama.

Kwa hiyo usije, na usiandike. Mwandiko wako ukionekana hapa tumekwisha. Barua hii Clémence muuza samaki ataivusha mto hadi Lubunga, hajui iliyomo. Ukishaisoma, ichome.

Kesho nimeitwa ofisini kwa waasi nikazieleze zile namba. Majirani walioitwa juma lililopita hawajarudi. Arobaini yako ni Ijumaa, na katika mji huu anayejua kwamba uko hai ni mimi peke yangu.

Nisalimie mkeo Élise na mtoto. Mungu akufunike popote ulipo.

Mji ukitulia nawe hujanisikia, mwandikie mama yako mwenyewe. Anza na lile jina lako la utotoni, asije akadhani ni mtu anamchezea.

Mjomba wako akupendaye,
Assumani