Upele wa Ruksa na Chanjo Aliyoikosa

Mpwa wangu Mwajuma,

Usiniulize hali. Magoti yangu siku hizi kama ya kuazima, na tangu kiwanda kitupunguze kazini nauza mitumba, naita wateja mpaka koo linakauka. Barua yako imefika. Ule mstari wa mwisho ndio umenikosesha usingizi: kwamba mbwa wenu huko Dodoma anaogeshwa dawa ya upele, na siku ya chanjo mlimwacha nyumbani, maana mjomba alikufundisha kwamba mbwa aliye kwenye dawa hachanjwi.

Unamkumbuka mbwa wetu Ruksa. Jina ulimpa wewe, kwa kuwa siku zile kila kitu kilikuwa ruksa na yeye aliingia jiko la kila mtu hapa Mafiga. Mama yako hakumtaka barazani, ana udhu wake, basi akawa analala chini ya mpera. Hapo ndipo ulipomwogesha kila Jumamosi dawa aliyokupa bwana mifugo, mikono umeivika mifuko ya rambo. Mimi nilikaa kwenye kigoda nikikuelekeza, ingawa sikujua lolote. Manyoya yalishaanza kuota shingoni.

Kisha balozi wa nyumba kumi akapita akitangaza chanjo ya kichaa cha mbwa. Ukaniuliza, "Mjomba, achanjwe hivihivi au tungoje apone?"

Nikasema niachie mimi, nikapanda baiskeli kwenda kumuuliza bwana mifugo. Niliporudi nikakwambia amekataa, eti dawa ya ngozi na chanjo zikikutana mwilini zinagombana kama wake wenza.

"Kasema hivyo kweli?"

"Mtoto wewe. Mimi nimemshika nyati pembe akidungwa sindano kule Mikumi, nitashindwa na habari za mbwa?"

Mama yako alikuwa anachambua mchele. "Nyati gani, kaka. Wewe jogoo wa jirani tu anakutoa mbio."

Tukacheka wote. Ila kwetu Waluguru mjomba akishasema, amesema. Watu wakapita na mbwa wao wamewafunga kamba za katani, wetu akabaki kivulini anajikuna.

Mwajuma, kwa bwana mifugo sikufika. Nilifika kwenye kijiwe cha kahawa, nikakuta watu wanataka habari ya yule chui niliyemfukuza Kinole kwa kandambili, na siku hiyo chui alikuwa mrefu. Jua likapanda. Nikaona haya kurudi mikono mitupu, nikatunga jibu njiani.

Haikupita miezi miwili, mbwa mgeni anayedondokwa mate akamng'ata Ruksa palepale chini ya mpera. Bwana mifugo akaja, akaomba cheti cha chanjo. Hatukuwa nacho. Akasema kwa mbwa asiyechanjwa hana njia nyingine ila kumuua. Wewe ulikuwa ndani umejifunika kanga. Akaniambia, "Huo upele niliuona mimi mwenyewe. Mbwa anakula, hana homa, tungemchanja tu. Mbona hamkuja kuniuliza?"

Nikamwomba apunguze sauti, usisikie. Akapunguza. Kisha akampeleka Ruksa nyuma ya nyumba.

Ulipotoka macho yamevimba, ulinimiminia maji ninawe, ukasema, "Si kosa letu mjomba. Alikuwa hajapona."

Nikanawa. Ya chui nimeyasimulia mpaka yamechakaa. Ya Ruksa sijamwambia mtu, na mzigo huu umenichosha kuliko marobota ya mitumba. Nilidhani utaishia kwangu. Kumbe uwongo wangu uliuchukua, ukahama nao, na sasa wewe una watoto wawili wanaomkumbatia mbwa wenu kila wakitoka shule.

Mpeleke kwa bwana mifugo wa huko. Mwoneshe ngozi, mtajie dawa unayomwogeshea, mweleze kama anakula. Yeye ndiye aseme achanjwe leo au angoje kidogo. Na uende mwenyewe. Ukituma mtu, usitume msimuliaji. Neno la mjomba kwetu halirudishwi na mtoto, najua, ndiyo maana narudisha mimi niliyelitoa.

Akishachanjwa niandikie mstari mmoja. Hata kama una hasira, mstari huo uandike, halafu hasira ziendelee.

Nifikishie salamu kwa wajukuu.

Ni mimi mjomba wako. Nyati sikumshika. Chui alikuwepo.