Picha ya Tatu ya Dalali

Kaka yangu,

Mimi mzima, ila hawa wateja ninaowatengenezea tovuti wananichanganya. Mwenye saluni kabadilisha rangi mara nne, sasa anataka ile ya kwanza.

Dalali wa nyumba naye anataka tovuti yake iwe hewani Ijumaa. Kanitumia picha za nyumba zinazouzwa. Ya tatu ni jiko la mama. Kioo ulichokipasua kwa mpira bado kimebandikwa gazeti.

Nikampigia mama, akanisimulia habari za kuku wake tu. Sijui anajua, sijui hajui. Picha nimeiweka, nikaitoa, nikairudisha.

Imebaki kujaza namba ya simu ya muuzaji. Dalali kaniandikia yako.

Niiweke, kaka?

Mdogo wako