Goli la Mkwe

Musoma, 21 Agosti 1995

Mdogo wangu Nkwabi,

Salamu nyingi kutoka huku. Sisi hatujambo, ni magoti yangu tu yanayonisumbua kama kawaida yake, na binti yako Rebeka ni mzima, cherehani yake inalia tangu kunapokucha. Ninyi je? Wifi yangu Odeta kifua kimepoa?

Sasa tuache salamu. Jana redio imetusomea kwamba Kombe la Ziwa huko Mwanza limeingia doa. Katika nusu fainali timu ya Kisumu imenyimwa goli la wazi dhidi ya Waganda, na aliyelinyima ni mshika kibendera wa hapo hapo Mwanza, Nkwabi Maige. Nikasema moyoni, akina Nkwabi ni wengi. Halafu wakamtaja mfungaji kuwa ni Odongo. Nikazima redio, maana Rebeka alikuwa amesimama mlangoni na mkasi mkononi.

Nkwabi, kijana huyo, hata kama anachezea Kisumu, ametoka kwao Shirati akaleta posa kwako mwezi wa sita, na mimi shangazi mtu ndiye niliyeipokea. Ulikwendaje kushika bendera mkweo akicheza? Na kama ulikwenda, goli lake ulilikataaje? Huku wanasema umekula mlungula wa Waganda. Lisemwalo lipo, ndivyo wanavyoniambia sokoni. Mimi nakujua tangu unanyonya, lakini nataka nisikie kwa kinywa chako. Jibu upesi, barua mpe kondakta wa basi hapo stendi ya Buzuruga, usiipeleke posta ikalale.

Dada yako,
Kashindye


Buzuruga, Mwanza, 24 Agosti 1995

Dada Kashindye,

Shikamoo. Barua yako nimeipata na nashukuru kwa kuniuliza kabla ya kunihukumu, kwa sababu hapa hakuna anayeuliza. Odeta bado anakohoa. Mimi ni mzima wa mwili, huko kwingine sijui.

Mshika kibendera aliyepangwa, Mrundi, aliamka na malaria, wakanifuata nyumbani asubuhi ya mechi. Dada, tangu kiwanda cha pamba kilipouzwa tukapunguzwa kazi, kitu kilichobaki chenye heshima yangu ni beji ya uamuzi. Miaka yote nimechezesha Misungwi na Magu, kwenye viwanja ambavyo mechi inasimama ng'ombe wapite. Siku hiyo nikaitwa mechi ya kimataifa. Nikajiambia posa siyo ndoa, timu zote mbili ni za wageni, nani atauliza. Kwa hilo nilikosea, sibishi.

Linalofuata nakuambia wewe tu, kwa kuwa ni shangazi na mambo ya namna hii ni yako. Dakika za mwisho Waganda wanaongoza moja bila, ikapigwa kona. Nilikuwa pale pale kwenye mstari wa goli, mahali pangu. Odongo akaruka akaupiga mpira kichwa golini, beki akamng'ang'ania bukta, ikachanika pamoja na ya ndani, kijana akaanguka mbele yangu kama alivyozaliwa. Wachezaji walikuwa wamemzunguka, jukwaani hawakuona kitu. Mimi niliona. Unajua tulivyolelewa, mkwe hatazamwi vile hata angekuwa anazama. Shingo iligeuka yenyewe kabla sijafikiri. Niliporudisha macho, kipa ameukumbatia mpira kifuani, na refa Mzambia ananikodolea mimi nimwambie kama umevuka mstari. Sikujua. Refa hatoi goli asiloliona. Nikaiacha bendera chini.

Sasa kuna kanda. Mwenye kibanda cha video pale Mlango Mmoja anaionyesha kila jioni na watu wanajaa. Nimekwenda na kofia nimeishusha usoni, nimeona. Mpira ulivuka, dada, ulivuka kabisa. Na mimi naonekana pembeni nimegeuzia uso wangu ziwani. Bukta haionekani kwa sababu mgongo wa beki umeziba. Kijana mmoja nyuma yangu akasema, mtazame mzee anavyogeuka kusudi, ameshakula huyo. Nikaondoka kabla hawajanitambua. Bati letu limepigwa mawe siku mbili mfululizo na Odeta hawezi kwenda gengeni.

Kamati ya mashindano imeniita. Wana swali moja tu, nieleze niligeuza kichwa kwa nini. Nikieleza, nitakuwa nimemvua kijana mara ya pili, safari hii mbele ya mkoa mzima. Sitaweza kula naye wala kumpokea uani kwangu, na harusi itakuwa imekufa. Nisipoeleza, mimi ni mla rushwa. Dada, sijui niende wapi. Rebeka usimwambie.

Mdogo wako,
Nkwabi


Musoma, 29 Agosti 1995

Mdogo wangu,

Marahaba. Huku ni wazima, ila nyumba imenuna. Mpe pole sana Odeta.

Sikufichi, barua yako ilinichekesha kwanza. Nilicheka mpaka Rebeka akaja kuuliza kuna nini. Kisha nikaisoma tena nikalia.

Odongo alikuja jana. Nilimpa kiti akakataa kukaa. Akaniambia, "Shangazi, kama baba hakunitaka angenirudishia barua ya posa. Kwa nini ametumia bendera?" Anaamini umemkataa kwa kuwa ni Mjaluo, na kama siyo hivyo basi umemuuza, na lipi kati ya hayo ni afadhali hajui. Baba yake mdogo, Oluoch, atakuja mwisho wa mwezi ujao kuvunja maneno ya posa. Kuna mtu wa Oman anayetafuta wachezaji wa timu ya kwao, alikuwa jukwaani siku ile na bado anamtaka, hakujali goli, alipenda miguu yake. Kijana alikuwa aondoke mwezi wa kumi, na Rebeka amfuate baada ya harusi. Sasa anasema ataondoka peke yake na hatarudi huku ziwani. Rebeka anashona hadi sindano zinakatika na hataki kula.

Kwa hiyo nisikilize. Mficha uchi hazai. Unalinda aibu ambayo mwenyewe hajui kuwa umemlindia, na kwa kuilinda unamwulia mtoto wako ndoa. Niache nimwambie mimi. Mimi ni mwanamke mzee, nimeogesha watoto na nimeosha maiti, kwangu hakuna uchi unaotisha. Ila kamati usiijibu neno mpaka tumemaliza huku. Ukiwa na haraka utaharibu, nakujua.

Dada yako,
Kashindye


Buzuruga, Mwanza, 4 Septemba 1995

Dada,

Shikamoo. Poleni na majonzi ya huko. Odeta nimempeleka kwa mama yake Magu aepukane na mawe.

Usimwambie Odongo. Haina haja tena, jambo nimelimaliza. Leo walinikalisha tangu asubuhi, watu watano na ile kanda. Kila ikifika mahali pale wanaisimamisha, mimi nikiwa na shingo yangu imegeuka, na mwenyekiti anauliza, "Hapa ulikuwa unatazama nini?" Nikasema vumbi. Wakaniuliza vumbi gani na mvua ilikuwa imenyesha. Nikasema jua. Wakarudisha tena kanda. Dada, ile picha ina majibu mawili tu, rushwa au mkwe, na mimi nina mdomo mmoja.

Nikawaambia ni rushwa. Nimeandika kwamba Mganda mmoja nisiyemjua jina alinifuata akanipa, nikapokea, nikageuka. Nimetia sahihi. Jumatano wataisoma mbele ya waandishi, nao watanifungia. Afadhali mimi niitwe mwizi kuliko kijana yule kuchekwa kila uwanja atakaokanyaga. Mwizi anaweza kuwa na mkwe. Odongo atakasirika, kisha atasema mzee wa watu njaa ilimshinda, atanisamehe, atamwoa mtoto. Nimefikiri hivyo na sijui kama nimefikiri sawa, sijalala vizuri tangu mechi ile. Niombee.

Mdogo wako,
Nkwabi


Musoma, 5 Septemba 1995

Nkwabi,

Natumai u mzima. Sijapata jibu lako na sikulingoja, nisamehe au usinisamehe.

Juzi Odongo alirudi kuchukua shati lake alilompa Rebeka kushona. Nikamwita uani, nikampa kigoda, nikamweleza moja kwa moja bila kupaka mafuta. Nilidhani atakimbia. Aliziba uso, mabega yakawa yanatikisika, nami nikadhani analia. Alikuwa anacheka. Halafu akalia kweli. Akasema, "Kumbe mzee alinisitiri." Alilirudia neno hilo mara nyingi, mpaka Rebeka akatoka ndani kuona kuna nini, na wakaniacha pale na kigoda changu.

Ameondoka na basi la alfajiri ya leo kuja huko. Anataka kusimama mbele ya kamati aseme mwenyewe. Nimemwambia watamcheka. Amesema acha wacheke, uchi ni wake. Rebeka amekula ugali leo, na samaki amemaliza. Tafadhali, mdogo wangu, usiandike chochote wala kutia sahihi popote mpaka afike.

Dada yako,
Kashindye


Buzuruga, Mwanza, 8 Septemba 1995

Dada Kashindye,

Shikamoo. Barua yako ya tarehe tano imenifikia jana, baada ya yote.

Basi la Odongo liliharibika njiani likalala huko, akaingia ukumbini Jumatano wakati mwenyekiti anamalizia kusoma karatasi yangu. Hakuomba ruhusa. Alisimama katikati akasema, "Huyu mzee hakula rushwa. Ni baba mkwe wangu. Nilikuwa uchi mbele yake akageuka, kama ambavyo baba wa yeyote kati yenu angegeuka." Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Mwandishi mmoja akamwuliza kama anaweza kuwaonyesha hicho kilichomgeuza mzee shingo. Kijana hakuinamisha kichwa. Mimi niliinamisha.

Mwenyekiti hakucheka. Alisema, kumbe ninyi ni ndugu, na mlinyamaza wote wawili. Nikapiga kelele kwamba karatasi ile ni uongo, niliiandika kumsitiri kijana. Akanijibu kwamba mtu aliyetia sahihi uongo Jumatatu hawezi kuaminiwa Jumatano, bukta kwenye kanda haionekani, na wachezaji waliokuwa karibu wamesharudi makwao. Mimi wamenifungia maisha, kwa rushwa na kwa kuficha ukwe. Odongo wamemfungia miaka miwili, kwa kuficha ukwe na kwa kutunga hadithi ya kuniokoa. Wamewaandikia wenzao wa Kisumu, na barua ya kumruhusu kwenda Oman haitatoka. Mimi nimekwisha kucheza mpira wangu, dada. Yeye ana miaka ishirini na miwili. Laiti ningekaa kimya siku tatu.

Sasa yuko hapa uani kwangu. Alitoka ukumbini akanifuata nyuma kwa mbali mpaka nyumbani, nami nikaingia chumbani nikafunga mlango, kwa sababu baada ya maneno yale kusemwa mbele ya watu sijui tena nimtazame vipi. Nilidhani ataondoka, hajaondoka. Amefagia uwanja, amechota maji, amepanda juu ya nyumba akaziba matundu ya mawe. Jirani yetu Shimba anampa chakula. Kila akisikia nimejongea humu ndani anakuja karibu na dirisha anasema, "Baba, shikamoo." Kisha anangoja.

Njoo, dada, na Rebeka uje naye. Nisipoitikia, nimemfukuza. Nikiitikia, nimempokea mkwe niliyemkata miguu, na yeye anataka hivyo hivyo. Amemwambia Shimba kwamba hatoki hapa mpaka nimwitikie. Nimejaribu asubuhi hii, nimefika mpaka mlangoni, nimeshika komeo, kisha nimerudi kuandika barua hii. Amesema tena sasa hivi, naandika huku namsikia.

Mdogo wako,
Nkwabi