Mimi Si Patna Wako

Landless, Thika
Jumapili, baada ya kanisa

Kwako Mama Mercy,

Najua umeshautambua mwandiko, na sasa umeshika bahasha ukijiuliza kama utaifungua au utaiweka juu ya kabati pamoja na risiti za mbolea. Tafadhali ifungue. Nimempa Khisa, jirani yangu hapa plotini, yule mtu wa Chwele, kwa sababu anakuja nyumbani kumzika mjomba wake. Nimemwambia asikupe mbele ya watu. Hujambo lakini? Kifua kimepoa? Mama yangu bado analalamikia lile goti kila mvua ikikaribia? Mercy alipona homa akarudi shule? Haya yote ningekuuliza kwa simu, lakini hii ni wiki ya tatu hushiki simu yangu, na sikulaumu.

Mimi mwili ni mzima. Naenda kazi Ruiru, narudi Thika, napika, nalala. Maji hapa plotini yanakuja Jumanne na Ijumaa, na siku hizo mama mwenye nyumba anapiga kelele kama amezaa mapacha. Hakuna jipya upande huo. Kitu kinachonisumbua ni ile simu, na ndiyo sababu nimekaa chini na kalamu.

Ulinipigia saa nne asubuhi nikimwagia nyasi maji. Ukaniambia mvua imeangusha jikoni, ukuta wa upande wa migomba, na sufuria zote ziko nje kwenye matope, unapikia ya kuazima kwa jirani. Ukasema mahindi yamelala. Halafu ukasema, "Baba Mercy, mimi nimechoka. Unarudi lini?"

Na mimi, mume wako wa ndoa ya kanisa, nikakujibu, "Bahati mbaya, patna. Bado kuna endi nyingi."

Nilisikia kuku wako wakilia huko nyuma. Ukasema, "Mimi si patna wako," ukakata. Nilibaki na mpira wa maji mkononi mpaka nyasi zikafurika, na Kamau, mkubwa wangu wa kazi, akanifokea, "Wee Wafula, unapanda mchele?"

Sasa nikueleze yale maneno yalitoka wapi. Sitafuti njia ya kujitetea. Nataka tu usidhani nimepata mwanamke ambaye ndiye ananifundisha kuongea hivyo.

Unajua natunza nyasi za klabu, lakini sijawahi kukueleza mchezo wenyewe. Kuna mipira myeusi mizito, ukubwa wa kabichi ndogo. Wazee waliovaa nguo nyeupe wanainama na kuibingirisha kwenye nyasi nilizokata fupi kama kichwa cha mwanafunzi, kila mmoja akitaka mpira wake usimame karibu na kampira kadogo keupe wanakoita jeki. Mpira wenyewe upande mmoja una uzito zaidi, kwa hiyo hauendi moja kwa moja, unakunja njia. Mipira yote ikishaenda upande mmoja, wanasema endi imeisha, wanageuka na kuanza tena kurudi walikotoka. Basi. Wanafanya hivyo tangu saa nane mpaka chai.

Mchezo huo hauna shida. Shida ni midomo yao. Nimewasikiliza miaka sita na nakuapia hawana maneno zaidi ya kumi. Wanasema kwa Kiingereza, mimi nakuandikia kwa lugha yetu. Mpira ukisimama karibu: "Uzito mzuri, patna." Ukipotea kabisa: "Wazo zuri." Ukiangukia mtaroni, pale ukingoni mwa nyasi: "Bahati mbaya, patna, umekosa kidogo tu." Timu ikipigwa mpaka unaona huruma: "Bado kuna endi nyingi." Kila siku, kila mtu, daktari na wakili na mwenye shamba la kahawa. Hata siku moja sijasikia mtu akimwambia mwenzake, huo ulikuwa mbaya. Kwao hiyo ni kukosa adabu, afadhali hata umtukane mama yake.

Na mimi yakaniingia, Nafula. Yalinishika polepole, kama lafudhi. Khisa akipika ugali nasema uzito mzuri. Mama wa kibanda akinimwagia chai kwenye suruali nasema umekosa kidogo tu. Kwaya ya hapa Landless ilipoteza sauti katikati ya wimbo, na nikajisikia nikinong'ona, "Wazo zuri," mpaka mzee wa kanisa akageuka kunitazama. Nilikuwa nacheka na kuona ni ujanja wa mjini. Sikujua kwamba siku utakayoniletea kitu kizito, nitaingiza mkono mfukoni na kukuta nimebaki na maneno hayo tu.

Baada ya simu yako nilizunguka siku nne bila hamu ya chakula. Asubuhi ya siku ya tano nilikuwa nafagia umande kwenye nyasi na ile fimbo ndefu, mara akaja Mzee Gitau. Huyo ni mwanachama wa zamani sana, nahodha wa timu yake, wenyewe wanamwita skipa. Mke wake alifariki mwaka jana. Tangu hapo mkono unatetemeka na mipira yake haifiki popote. Wiki iliyotangulia aliushika mpira kinyume, ule upande mzito ukiwa nje, ukakunja kuelekea kwa timu ya jirani na kusimama kwenye jeki yao. Hilo ni kosa la mtu wa siku ya kwanza. Na wenzake wote wakapiga makofi: "Wazo zuri, skipa."

Alikuja peke yake, akabingirisha mipira minne. Wa kwanza haukufika hata katikati. Wa nne ukaingia mtaroni. Akanigeukia. "Wafula, wewe unaona mipira yangu kila siku. Huo ulikuwaje?"

Nikafungua mdomo. "Bahati mbaya, mze—"

"Hapana." Aliinua mkono. "Hayo nimeambiwa tangu nimzike mama Wanjiru. Nakuuliza wewe."

Nikafikiria kazi yangu. Nikafikiria pia ile sauti yako ukisema umechoka. Nikamwambia, "Ulikuwa mbaya, mzee. Yote minne ilikuwa mbaya. Mkono unatetemeka ukiuachilia, na mguu hauingii tena mbele. Huu mchezo umekushinda."

Aliketi kwenye benchi, akafuta mipira yake mmoja mmoja na kitambaa, akaitia kwenye mfuko, akaenda. Wiki nzima hakuonekana. Kamau akaniuliza nimemwambia nini, na nilipomwambia alishika kichwa. "Haiya, Wafula. Umejifukuza kazi na mdomo wako mwenyewe." Nami nilianza kukunja nguo zangu moyoni.

Jumatano alirudi, bila nguo nyeupe. Alikuwa na sweta ya kawaida na kofia ya shamba. Akaketi kwenye lile benchi, akaagiza chai, na wakili mmoja alipobingirisha mpira ukapita jeki na kuingia mtaroni, Mzee Gitau akasema kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni, "Huo ni mbaya kabisa, Mwangi." Mwangi akageuka mwekundu, mweusi, sijui rangi gani. Halafu akacheka. Nakwambia wazee wote walicheka mpaka mmoja akaketi kwenye nyasi zangu. Sasa kila siku anakuja kukaa pale na kuwaambia ukweli, na watu wanamletea chai. Mimi hajanitaja kwa mtu. Aliponipita aliniambia tu, "Siku hizi nalala."

Nilipoona hivyo nikajua kuna mtu mwingine anayenidai ukweli kwa miaka sita, na mtu huyo ni wewe. Basi huu hapa, Nafula. Usome ukiwa umekaa.

Nilikuambia naenda miaka miwili, tuezeke nyumba kwa mabati, nirudi. Nyumba iliisha mwaka wa pili. Uliniandikia ukasema mvua imenyesha na hakuna tone lililoingia. Tangu siku hiyo sikuwa na sababu ya kukaa huku, na nilikaa. Kila ukiuliza nilikuambia bado kidogo. Hakuna kilichokuwa bado. Niliogopa kurudi. Huku mimi ni mtu. Mwenyekiti wa klabu akipita ananisalimia kwa jina, wageni wanauliza nani amekata nyasi vizuri hivi. Huko kwetu nyasi ni za ng'ombe. Nani wa Kimilili atanipa mkono kwa sababu ya nyasi fupi? Niliona aibu kurudi nikiwa fundi wa kitu ambacho hakuna mtu anakihitaji.

Na kuna lingine nililokuficha. Kamau anastaafu. Wiki moja kabla ya simu yako, waliniita ofisini wakanipa nafasi yake, pamoja na nyumba ndani ya klabu, nyumba ya mawe yenye maji ya mfereji. Walitaka nikubali kukaa miaka mingine minne. Uliponiuliza unarudi lini, mimi nilikuwa nimeshaanza kupanga mahali pa kuweka kitanda changu. Kitanda kimoja. Ndiyo sababu nilikurushia yale maneno. Yalikuwa karibu, na hayaumi anayeyasema.

Lakini jioni nikikaa hapa mlangoni Landless, jirani huyu amefungua redio yake ya Kikuyu na yule anakaanga samaki, nasikia vile wewe unagonga mwiko mara mbili kwenye ukingo wa sufuria ugali ukiiva. Hakuna mtu mwingine duniani anagonga hivyo. Nakumbuka harufu ya moshi kwenye kitambaa chako cha kichwa. Nakumbuka ukipukuchua mahindi Jumapili ukiniambia kasoro zangu moja moja bila kuinua macho. Wakati ule niliona ni kelele. Miaka sita nimeishi na watu wasioambiana kitu, na nimekumisi mpaka mifupa inauma. Nimemisi hata ukinigombeza. Hasa ukinigombeza.

Ijumaa nilienda ofisini nikamwambia meneja sichukui ile kazi, naenda nyumbani. Yeye naye ni mchezaji. Akanipa mkono akasema, "Wazo zuri, Wafula." Mpaka sasa sijui alimaanisha nini, na sikukaa kumuuliza.

Nakuja Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu. Usichinje kuku. Na jikoni msiiguse. Mwambie ndugu yangu Barasa asilete fundi, akate miti tu na kuiweka kivulini, ukuta nitausimamisha mwenyewe. Baada ya hapo sijui nitafanya nini. Sina mpango, na nimeona bora nikuambie sina kuliko kukuchorea mmoja. Tutaangalia shamba pamoja. Kama umenichoka kiasi cha kutonitaka ndani, uniambie hilo pia, nitalala kwa mama huku nikijenga.

Nisalimie mama yangu, umwambie dawa ya kuchua goti nimepata. Nisalimie Mercy, umwambie baba yake amesoma barua yake ya shule mara nyingi mpaka imepasuka kwenye kunjo. Barasa, mpe pole ya mahindi. Na yule mama jirani aliyekuazima sufuria siku ile, mpe asante yangu, ingawa ilipaswa kuwa mimi ndiye naokota zako kwenye matope.

Nafula, nikifika mlangoni usiniambie pole na safari. Hayo ni ya wageni. Najua neno lililo kinywani mwako, ni la miaka minne sasa. Niambie nimechelewa. Niambie mbele ya mama, mbele ya Mercy, kwa sauti ile ya kuita kuku, na usiniongezee chochote cha kunipoza.

Ni mimi mume wako, niliyechelewa,

Wafula