Baba Anagonga Kushoto

Milanzi, Sumbawanga
2 Juni 2024

Mwanangu Nestory,

Tumsifu Yesu Kristo. Nakuombea barua hii ikukute mzima huko Arusha, na hizo kompyuta za watu unazotengeneza zisikupe homa. Sisi tunaamka, tunashukuru. Baridi imewahi mwaka huu, maji ya asubuhi yanauma vidole. Mdogo wako Coleta yuko kwenye mazoezi ya kwaya, ameniambia nisisahau salamu zake. Naandika kwa mkono na kuituma kwa basi kwa sababu simu ni ile moja ya baba yako, na yeye akiongea huweka spika mpaka majirani wanakujibu.

Sasa habari za mzigo wako. Ule usukani wa gemu uliotuachia Pasaka tukuhifadhie, haujahifadhiwa. Baba yako alifungua boksi akisema anaangalia tu kama panya hawajala nyaya. Leo umefungwa kwenye meza ya cherehani yangu, skrini iko juu ya kabati, na zile pedeli zilikuwa zinateleza kwenye sakafu mpaka akazizuia kwa kiroba cha ulezi. Mtu anaendesha Coaster kwenda Matai na kurudi kutwa nzima, ungedhani akifika nyumbani hataki kuona usukani. Anavua viatu, anakaa kwenye usukani mwingine.

Ila anagonga, mwanangu. Na anagonga upande mmoja tu, kushoto. Ukuta, nguzo, magari ya wenzake. Coleta akicheka anajibiwa, "Gari la Wazungu hili, usukani wameuweka kushoto. Nimekalishwa kiti cha abiria, mnategemea nini?" Maneno yake yana haki. Je, usukani unaweza kuhamishwa kulia? Na mbona akikata kona kama anavyokata Coaster, gari linazunguka kama pia?

Nauliza mengi, nisamehe. Na mimi nilijaribu juzi wakiwa hawapo wote. Nilifika kona ya tatu nikaingia majanini, nikajikuta nimefanya ishara ya msalaba.

Akupendaye,
Mama yako

*

Arusha
11 Juni 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Milele amina. Mimi mzima, kazi zipo, chakula nakula, usianze kuuliza. Nimecheka mwenyewe dukani mpaka mteja akaniangalia. Kiroba cha ulezi!

Baba yuko sahihi. Magari mengi ya kwenye gemu yametengenezwa kwa nchi wanazopita kulia. Mwambie Coleta aingie kwenye orodha ya magari, yapo machache ya usukani kulia, achague mojawapo. Kuhusu kuzunguka, nilikuwa nimeuweka usukani kimashindano, ukigeuza kidogo tu gari linakata sana. Kwenye mipangilio kuna namba ya mzunguko. Aipandishe mpaka mwisho, usukani utazunguka kama wa gari la kweli.

Halafu kamera. Kuna ya nyuma, unaliona gari lako lote kama unalifuata. Kuna ya juu ya boneti. Na kuna ya ndani, unaona dashibodi, kioo, na vioo vya pembeni. Dereva wa kweli kama baba atumie ya ndani, na asogeze kiti karibu na skrini, ijae mbele yake kama kioo cha gari. Watu wote ninaowajua wakifanya hivyo wanaacha kugonga. Akifanya hivyo hamtamkamata.

Mwanao,
Nestory

*

Milanzi
23 Juni 2024

Mwanangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Hatujambo, mahindi ya shambani yamekauka vizuri, tumeanza kuvuna. Wewe kifua chako vipi, bado unakohoa asubuhi?

Tulifanya yote. Gari la usukani kulia tulilipata, jekundu. Namba ya mzunguko Coleta aliipandisha, na baba yako aliposhika akasema, "Sasa hili ni gari." Uso ulimng'aa kama bwana harusi. Akaweka kamera ya ndani, akasogeza kiti mpaka magoti yakagusa meza. Akaondoka vizuri.

Akagonga kushoto.

Nimekuwa mdadisi, Nestory, sijui nimerithi wapi. Nilikaa nyuma yake na ushonaji wangu nikawa natazama. Nilichoona ni hiki. Akiweka kamera ya nyuma, ile ya kulifuata gari, hagongi kabisa. Na akiweka ya ndani lakini akavuta kiti mpaka ukutani, mbali, hagongi pia. Akisogea karibu tu, anaanza. Nikamwambia Coleta ajaribu, yeye ni kinyume: karibu anaendesha vizuri, mbali anapotea. Na mimi ni kama Coleta. Wewe ulisema watu wote wakikaa karibu wanaacha kugonga. Mbona baba yako peke yake ni tofauti? Nilimuuliza, akasema, "Mimi nimezoea gari kubwa, napenda kuona mambo kwa mbali kama tajiri."

Kuna neno lingine dogo. Kioo cha pembeni cha Coaster, cha kushoto, kimerudi kimegandishwa kwa gundi. Anasema ng'ombe wa wafugaji walikigonga njiani. Inawezekana. Sijui hata kwa nini nimekuandikia.

Mama yako

*

Arusha
1 Julai 2024

Mama,

Shikamoo. Nitakuwa mfupi. Barua yako nimeisoma mara nyingi, na sidhani kama tatizo ni gemu.

Mtu akikaa mbali, skrini yote inakuwa ndogo, inaingia katikati ya macho. Kamera ya nyuma nayo inaweka kila kitu katikati. Akikaa karibu, upande wa kushoto unakuwa pembeni kabisa mwa jicho. Mama, mkalishe baba, aangalie mbele bila kuhamisha macho. Mtu mwingine asogeze kitu polepole kutoka kushoto kwake. Aseme atakapokiona. Kisha uniandikie.

Nestory wako

*

Milanzi
4 Agosti 2024

Mwanangu Nestory,

Tumsifu Yesu Kristo. Najua umesubiri. Umepiga simu, na kila ulipopiga nilisema tuko salama, kwa kuwa spika ilikuwa wazi.

Tulifanya ulivyosema, siku ileile barua ilipofika. Tukafanya kama mchezo. Nilimkalisha mbele ya skrini, nikamwambia akazie macho mshale wa mwendo. Coleta akashika kijiko upande wake wa kushoto, akakileta taratibu. Kilipita sikio. Kilifika karibu na pua. Baba yako akasema, "Mbona hamuanzi?"

Coleta aliweka kijiko mezani akatoka nje.

Jioni ile baba yako hakucheza. Kesho yake aliufunika usukani kwa kitenge, akaniambia, "Albina, kwani unadhani sijui?" Kumbe tangu mwaka jana anajua kuna mahali hapaonekani. Aliona ni umri. Akajifundisha kugeuza kichwa kwenye njia panda, akaona inatosha. Hakuna kinachouma, hakuna wekundu, utamwambia nani?

Sasa linaloninyima usingizi. Tarehe kumi na tano ni Kupalizwa Bikira Maria, kwaya yetu inakwenda Kaengesa, na ni yeye wa kuwapeleka. Anasema nivumilie siku hiyo tu. Awapeleke, awarudishe, halafu amkabidhi Theodory, mwenye gari, ufunguo wake. Anataka amalize kwa heshima. Namwelewa, ndiyo maana inaniuma. Nimemwambia Coleta hapandi. Akanijibu, "Niwaambie nini watu, kwamba binti yangu mwenyewe ananiogopa?" Tangu hapo tunasali rozari pamoja, na ikiisha hatuongei.

Nikienda kwa Theodory, nimemvunjia mume wangu jina kabla hajafungua mdomo. Nisipokwenda, ni roho za watu, na wote nawajua kwa sauti zao. Nimempa Mungu mpaka tarehe kumi na nne. Siku hiyo nitakwenda. Lakini mwandikie wewe kwanza. Usimwandikie kama fundi.

Mama yako

*

Arusha
8 Agosti 2024

Baba,

Shikamoo. Natumaini umeamka salama na Coaster imeamka nayo, maana nyie wawili huwa mnaugua pamoja.

Mama ameniambia. Tafadhali usimkasirikie, mimi ndiye niliyemuuliza. Na mimi ndiye niliyekwambia ukae karibu na skrini, nikidhani kila tatizo lina namba ya kubadilisha kwenye mipangilio. Kwenye gemu ukigonga unabonyeza kitufe, gari linarudi jipya na watu wake. Hicho tu ndicho kisichofanana na barabara ya Kaengesa.

Sikuambii uache gari, mimi ni nani? Ulinipakata ukanishikisha usukani kabla sijajua kuandika jina. Nakuomba uende kwa daktari wa macho kabla ya sikukuu. Akishakwambia, uamue mwenyewe, kama dereva.

Nijibu hata mstari mmoja.

Mwanao,
Nestory

*

Milanzi
18 Agosti 2024

Nestory,

Marahaba mwanangu. Hali yangu nzuri, ya mama yako nzuri, tunaongea tena, hata zaidi ya nilivyotaka. Mimi si mwandishi, utavumilia.

Nilikwenda. Ni presha ya macho. Daktari amenipa dawa ya matone, nitaweka mpaka nife. Kilichopotea hakirudi, kilichobaki kinaweza kulindwa. Nilimuuliza kuhusu gari. Akaniuliza kama nina wajukuu. Nikasema bado. Akasema, basi wa wenzako wanavuka barabara.

Kwa Theodory nilikwenda mwenyewe. Alinikaribisha chai, sikuinywa.

Siku ya sikukuu niliwahi kanisani. Kwaya walikuwa wameshavaa sare. Nilisimama mlangoni mwa Coaster nikawaambia: pembeni sioni, leo anaendesha Vicent, mwenzangu wa zamu. Hellena wa sauti ya pili akasema, "Basi leo Mzee Romani utaimba na sisi." Wakacheka. Na mimi nikacheka, maana wananijua ninavyoimba. Coleta akaja akanishika mkono, tukapanda.

Nilikaa mbele, kiti cha kushoto, pale nilipokuwa nawaweka mapadri. Mikono sikujua niiweke wapi. Ndipo nikageuza kichwa chote nikaangalia nje, sikuwa na kazi nyingine. Kabla ya kufika Kaengesa, njia ninayoipeleka kwaya kila mwaka, nikaona nyumba kubwa, bati la bluu, ina baraza na miparachichi imeanza kuzaa. Nikamwambia Vicent, "Watu wana haraka siku hizi. Hii imejengwa lini?"

Akabadilisha gia.

"Mzee," akasema, "hiyo ipo mwaka wa tatu sasa."

Baba yako,
Romani